Nani Aandike, Nani Asome: Ruhusa za Faili kati ya Fundi wa Tovuti na Seva Yake

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Donholm hadi Umoja, Kayole na Dandora, tovuti za makanisa, shule, vyama vya akiba na mikopo na maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi hutengenezwa na vijana wanaofanya kazi peke yao, au wawili watatu. Fundi hukodi seva pepe moja iliyo ng'ambo, huweka Ubuntu, huongeza Apache au Nginx pamoja na PHP, kisha huzipanga tovuti za wateja wake wote humo. Kazi huenda vyema hadi mteja anapojaribu kupakia picha za sherehe ya kufunga shule, mfumo ukamkatalia. Pengine ni WordPress iliyoambiwa isasishe plagini, nayo badala ya kusasisha ikadai jina na nywila ya FTP. Pengine ni fundi mwenyewe anayetaka kurekebisha faili iliyoundwa na mfumo, akaambiwa hana ruhusa.

Hapo ushauri huja wa kila namna. Mmoja husema, "Weka 777, mambo yaishe." Mwingine husema folda yote ikabidhiwe seva. Wa tatu humshauri fundi ajiunge na kikundi cha seva, wa nne humtajia ACL, na wa tano hushikilia kwamba seva isiruhusiwe kuandika popote. Kila mmoja ameuona ushauri wake ukifanya kazi mahali fulani, ndiyo maana mkanganyiko hauishi. Uchambuzi huu unazipima njia hizo, pamoja na ile ya kuipa kila tovuti utambulisho wake, moja baada ya nyingine: inatatua nini, inagharimu nini, na inamfaa nani. Hoja yake kuu ni kwamba namba za ruhusa huja mwisho. Kwanza fundi aamue nani anahitaji kuandika, aandike wapi, na lini.

Chanzo cha mvutano

Mfumo wa ruhusa unaotumika leo katika Linux umerithiwa kutoka Unix, iliyoanza kuundwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Kila faili ina mmiliki mmoja na kikundi kimoja. Waliobaki wote huitwa wengine. Kila upande kati ya hizo tatu huweza kupewa ruhusa ya kusoma, yenye thamani ya 4, ya kuandika, yenye thamani ya 2, na ya kutekeleza, yenye thamani ya 1. Hivyo 640 maana yake mmiliki anasoma na kuandika, kikundi kinasoma tu, na wengine hawapati kitu. Kwa folda, ile 1 ni ruhusa ya kupita: asiyekuwa nayo hafikii kilicho ndani hata kama faili yenyewe imeachwa wazi.

Mpango huo ulitungwa kwa ajili ya watu waliotumia kompyuta moja chini ya taasisi moja. Seva za wavuti zilipokuja, ziliingizwa miongoni mwa watumiaji hao. Kwenye Debian na Ubuntu mtumiaji huyo huitwa www-data. Kwenye Red Hat na jamaa zake, Apache huendeshwa kwa jina la apache. Kwa kanuni za mfumo, www-data ni mtumiaji sawa na fundi. Kwa kazi, wanatofautiana kabisa: fundi hutekeleza nia yake mwenyewe, ilhali www-data hutekeleza maombi ya yeyote duniani aliyeifungua tovuti. Plagini ikiwa na tundu, mdukuzi hupata mamlaka yaleyale iliyo nayo seva. Kwa hiyo kila ruhusa anayopewa www-data leo ni ruhusa atakayoikuta mdukuzi siku tundu litakapogunduliwa.

Mgongano wa kila siku hutokana na kanuni mbili ndogo. Ya kwanza, faili mpya ni mali ya aliyeiunda. Ya pili, kigezo kiitwacho umask huondoa baadhi ya ruhusa kila faili inapoundwa; kikiwa 022, kinachotumiwa na huduma nyingi, faili hupata 644 na folda hupata 755. Fundi akipakia msimbo, seva inausoma lakini haiwezi kuuandika. Seva ikihifadhi picha, fundi anaiona lakini hawezi kuibadilisha. Mfumo unafanya ulivyoagizwa. Kinachokosekana ni makubaliano ya wazi kuhusu faili zinazoguswa na pande zote mbili.

Mambo matatu yanayochanganywa

Kabla ya kuzipima njia zenyewe, inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo mafundi wengi huyachukulia kuwa jambo moja.

La kwanza ni ruhusa ya diski na uwazi wa mtandaoni. Faili yenye 640 imefichwa kwa watumiaji wengine wa mashine, lakini ikiwa ndani ya folda inayotolewa kwa umma na seva inaweza kuisoma, mtu yeyote mwenye kivinjari anaweza kuipata. Fomu za kujiunga na shule zenye majina ya watoto, au nakala rudufu ya hifadhidata iliyoachwa kando ya index.php, haziokolewi na chmod, amri ya kubadilisha ruhusa. Hizo huhamishiwa nje ya folda ya umma.

La pili ni ruhusa za njiani. Faili inaweza kuwa na ruhusa zote na bado seva isiifikie kwa sababu folda moja ya juu imefungwa. Kuanzia Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya hupewa 750 badala ya 755 ya zamani, na fundi aliyezoea kuweka tovuti ndani ya /home akashangaa mbona mpangilio wake wa miaka yote umegoma. Amri ya namei -l, ikifuatwa na njia kamili ya faili, huonyesha ruhusa za kila folda kuanzia mzizi, na hapo kizuizi hujulikana bila kubahatisha.

La tatu ni ulinzi wa ziada. Kwenye Red Hat na jamaa zake, SELinux huangalia lebo ya faili juu ya ruhusa za kawaida. Folda ikikosa lebo inayoruhusu seva kuandika, hata 777 haitasaidia. Anayeongeza namba bila kujua nani amekataa hufungua milango isiyohusika, na ule uliofungwa ukabaki umefungwa.

Msimamo wa kwanza: fungua kwa wote

Watetezi wa 777 wana sababu inayoeleweka. Mteja amesimama anasubiri, malipo ya mwisho hayajatoka, na amri moja huondoa kikwazo papo hapo. Mara nyingine hata husaidia kutambua tatizo: kama hitilafu imetoweka, basi ilikuwa ya ruhusa.

Faida zake huishia hapo. Kwanza, haidumu. Amri hugusa faili zilizopo tu. Faili zitakazoundwa kesho zitarudi kwenye 644 na mmiliki aliyeziunda, na malalamiko yataanza upya. Pili, si ajabu isitatue hata lile lililoleta shida. WordPress inapotaka kujisasisha hulinganisha mmiliki wa faili zake na mmiliki wa faili ya majaribio iliyoundwa na PHP. Wakitofautiana, kwa kawaida huendelea kudai FTP hata kama kila kitu kiko wazi. Tatu, huharibu vingine. Fundi akiitumia kwa folda yake yote ya nyumbani, huduma ya SSH itakataa ufunguo wake, kwa kuwa hukagua kwamba folda hiyo haiandikiki na watu wengine. Kwenye kampuni za kuhifadhi tovuti zinazotumia suEXEC au mifumo ya aina hiyo, hati inayoandikika na wote hukataliwa, na mgeni huonyeshwa hitilafu ya 500.

La nne ndilo zito kuliko yote: kila mchakato kwenye mashine sasa unaweza kuandika humo. Tovuti ya mteja mmoja ikidukuliwa, za wengine zote zinaandikika. Njia hii imeondoa tofauti kati ya fundi, seva na mgeni, na tofauti hiyo ndiyo ulinzi wenyewe. Kama chombo cha kudumu, haina mahali inapofaa.

Msimamo wa pili: seva iwe mmiliki

Njia ya pili hukabidhi folda yote kwa www-data kupitia amri ya chown. Manufaa yake ni halisi. WordPress husasisha plagini, mandhari na kiini chake bila kuuliza kitu, picha hupakiwa, na mteja asiyejua chochote kuhusu seva hubonyeza kitufe na kazi ikaisha.

Gharama yake iko pande mbili. Fundi, kwa kuwa si mmiliki tena, huanza kutumia sudo kwa kila jambo dogo. Baada ya muda folda hujaa faili zinazomilikiwa na root ambazo seva nayo haiwezi kuzigusa, na mgongano uliokusudiwa kuisha unakuwa wa pande tatu. Upande wa pili, seva sasa inaweza kuandika upya msimbo wake wenyewe. Tundu lililopaswa kumwezesha mdukuzi kuharibu picha tu humwezesha kubadilisha index.php, kupanda mlango wa siri ndani ya plagini, na kurudi hata baada ya tundu la awali kuzibwa. Kwa kuwa mmiliki wa faili ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha ruhusa zake, kupunguza namba hakusaidii: seva iliyonyang'anywa ruhusa ya kuandika inaweza kujirudishia.

Hata hivyo njia hii haipaswi kubezwa. Tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013, WordPress hujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama, na tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020 mwenye tovuti anaweza kuwasha usasishaji huo kwa plagini na mandhari. Tovuti inayoweza kujiandika hupata dawa usiku uleule inapotolewa. Tutairudia hoja hii, maana uzito wake unategemea nani anaitunza tovuti.

Msimamo wa tatu: kikundi cha pamoja

Hapa fundi hubaki mmiliki, na www-data hupata nafasi yake kupitia kikundi. Msimbo hupewa 640 kwa faili na 750 kwa folda, hivyo seva inasoma bila kuandika. Folda ya picha pekee hupewa 2770. Ile 2 ya mbele huitwa setgid. Ikiwekwa kwenye folda, kila kinachoundwa ndani hurithi kikundi cha folda hiyo badala ya kikundi cha aliyekiunda.

Nguvu ya njia hii ni uwazi wake. Amri ya ls -l huonyesha kila kitu, hakuna programu ya kuongeza, na inafanya kazi kwenye Linux yoyote. Mafundi watatu wanaoshirikiana Buruburu au Komarock wanaweza kuingizwa kwenye kikundi kimoja na kazi ikasonga bila kupeana nywila.

Udhaifu wake ni kwamba setgid hurithisha kikundi lakini hairithishi ruhusa. Seva yenye umask ya 022 bado itaunda picha yenye 644, na fundi atabaki msomaji tu. Lazima umask ya PHP-FPM, huduma inayoendesha PHP, ibadilishwe kuwa 002, kwa kuongeza UMask=0002 kwenye mpangilio wa huduma hiyo katika systemd, na ile ya SFTP vilevile. Faili iliyohamishwa kwa mv kutoka kwingine huja na kikundi chake cha zamani. Fundi aliyeongezwa kwenye kikundi hapati ruhusa mpya hadi atoke na kuingia tena, jambo ambalo limewafanya wengi waamini njia yenyewe imeshindwa. Aidha, hawezi kutumia chmod kwa faili iliyoundwa na seva hata akiwa na haki ya kuiandika, ingawa anaweza kuifuta kwa sababu ana haki ya kuandika kwenye folda iliyomo.

Swali la nani ajiunge na kikundi cha nani lina uzito pia. Fundi akiingizwa katika kikundi cha www-data, atasoma kila kinachosomwa na kikundi hicho, zikiwemo nywila za hifadhidata za wateja wasiomhusu. Seva ikiingizwa katika kikundi cha fundi, itasoma kila alichokiachia kikundi chake, hata kisichohusu tovuti. Salama zaidi ni kuunda kikundi cha tatu kwa kila mradi na kuingiza humo wanaohusika tu.

Msimamo wa nne: orodha za ruhusa

Orodha hizi, zijulikanazo kama ACL, huongeza majina juu ya zile pande tatu za asili. Kwa amri ya setfacl fundi anaweza kusema kwamba www-data aandike kwenye folda hii, mwenzake wa usanifu aandike pia, na mhasibu asome tu. Kuna pia orodha ya msingi, ambayo ikiwekwa kwenye folda hutumika kwa kila faili itakayoundwa humo, na hapo umask haihesabiwi. Kwa hiyo ACL hutibu hasa pale kikundi kilipolegea.

Tatizo lake ni kutoonekana. Kwenye ls -l alama pekee ni kijumlisha kidogo mwishoni mwa ruhusa. Anayerithi seva bila kujua atasoma 770 na kudhani ameelewa. Atakapotumia chmod kama alivyozoea, ataigusa barakoa ya orodha, yaani kikomo cha ruhusa zake, na ruhusa ya www-data itabatilika huku jina lake likiendelea kuonekana kwenye orodha. Orodha hizo pia hupotea njiani: tar huzihifadhi ikiwa imeambiwa kwa --acls, rsync kwa -A, na faili ya zip haiwezi kutegemewa kabisa. Katika mazingira ambamo tovuti huhama kila mteja anapopata mahali pa bei nafuu, au fundi anapoajiriwa kwingine na kazi kuachiwa mwenzake, udhaifu huu si mdogo. ACL inafaa penye timu inayoandika kumbukumbu za kazi yake. Pasipo na kumbukumbu, huleta siri ambayo mwenye tovuti atailipia baadaye.

Msimamo wa tano: kila tovuti na utambulisho wake

Njia nne zilizotangulia zinakubali kwamba seva moja yenye jina moja itahudumia wote. Njia ya tano inaligeuza jambo hilo: PHP ya kila tovuti iendeshwe kwa jina la mwenye tovuti hiyo. Wazo ni la zamani. Apache ilileta suEXEC katika toleo la 1.2 mwaka 1997. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na PHP-FPM, iliyoingizwa rasmi katika PHP 5.3.3 mwaka 2010, ambapo kila tovuti hupewa kundi lake la michakato lenye mtumiaji wake.

Kwa fundi wa Eastlands mwenye wateja wengi kwenye mashine moja, hili ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote. Ploti ya Umoja ina lango moja kwa wapangaji wote, lakini kila chumba kina kufuli lake. Mwizi akivunja kimoja, vingine bado vimefungwa. Uendeshaji wa pamoja chini ya www-data huacha lango tu. Wakenya waliona ukubwa wa hatari ya mkupuo mmoja mnamo Januari 2012, mdukuzi aliyejitambulisha kuwa wa Indonesia alipoharibu kurasa za tovuti 103 za serikali. Idadi hiyo inatosha kumfanya anayepanga tovuti nyingi pamoja ajiulize, ikiangushwa moja, ngapi zitaifuata.

Gharama zipo. Kila kundi la michakato hula kumbukumbu ya mashine, na seva pepe ndogo huishiwa haraka. Mpangilio wa ondemand, unaoanzisha michakato pale tu ombi linapokuja, hupunguza mzigo huo. Nginx au Apache yenyewe bado huhitaji kusoma picha na mitindo, kwa hiyo suala la kikundi haliishi bali linabaki la kusoma tu. Na muhimu zaidi, mtumiaji anayeendesha tovuti akiwa ndiye mmiliki wa msimbo, tovuti hiyo moja imerudi kwenye udhaifu wa msimamo wa pili: inaweza kujiandika upya. Njia hii humlinda jirani. Haimlindi mwenye nyumba dhidi ya tundu lake mwenyewe, isipokuwa kila tovuti ipewe watumiaji wawili, mmoja wa kumiliki msimbo na mwingine wa kuuendesha.

Msimamo wa sita: msimbo usioandikika

Msimamo wa mwisho ndio mkali kuliko yote. Msimbo hupandishwa na fundi kupitia git au rsync, na seva haipewi haki ya kuuandika hata kidogo. Huachiwa folda chache tu: uploads kwa WordPress, storage na bootstrap/cache kwa Laravel. Ndani ya folda ya picha, seva huzuiwa kutekeleza PHP, ili faili ya hila iliyopakiwa kama picha isipate uhai.

Kwa nguvu ya ulinzi, hakuna kinachoishinda. Mdukuzi aliyepata tundu hukuta kwamba panapoandikika hapawezi kutekeleza, na panapoweza kutekeleza hapaandikiki. Fundi pia anaweza kulinganisha msimbo ulio kwenye seva na ulio kwenye git na kujua mara moja kama kuna kilichobadilika.

Bei yake hulipwa na mteja. Kitufe cha kusasisha hakifanyi kazi tena. Kila sasisho linamhitaji mtu. Kanisa la Kayole lililolipia tovuti mara moja na halina mkataba wa matunzo litakaa na plagini ileile miaka miwili. Msimbo usioandikika hupunguza madhara ya tundu, lakini hauzibi tundu: mdukuzi bado anaweza kusoma hifadhidata, kubadilisha maudhui yaliyomo, au kutuma barua pepe za ulaghai kwa jina la kanisa.

Mizani: pesa, data na matunzo

Ukiziweka njia hizi pamoja, utaona kwamba zinajibu maswali matatu tofauti. Kikundi na ACL vinajibu jinsi watu wanavyoshirikiana. Utambulisho wa kila tovuti unajibu jinsi ya kumlinda jirani. Msimbo usioandikika unajibu jinsi ya kuilinda tovuti dhidi ya uwezo wake yenyewe. Wanaobishana mara nyingi wanajibu maswali yasiyo sawa, ndiyo maana hawakubaliani. Njia moja haizuii nyingine, na mpangilio mzuri huchukua kutoka zote tatu kadiri ya kilichomo ndani ya tovuti.

Pale penye pesa, mizani huelemea upande mmoja. Tangu Safaricom ilipozindua Daraja, jukwaa lake la kuunganisha mifumo na M-Pesa, mwaka 2017, hata duka dogo la mtandaoni linaweza kumtumia mteja ombi la malipo ya M-Pesa moja kwa moja kwenye simu yake. Funguo za kuunganisha huduma hiyo huwekwa kwa kawaida katika faili ya .env. Kwa tovuti inayotuma pesa kwa wateja, faili hiyo hubeba pia jina la mwanzishaji wa malipo na nywila yake iliyosimbwa. Faili kama hiyo ikiwa na 644 kwenye seva ya pamoja, kila tovuti jirani inaisoma. Ikiwa na 777, jirani anaweza hata kubadilisha namba ya Paybill inayopokea. Inapaswa kukaa nje ya folda ya umma, ikimilikiwa na fundi, ikisomwa tu na kikundi cha mchakato wa tovuti hiyo, yaani 640. Mpaka wa ulinzi huo nao ujulikane: tovuti yenyewe lazima isome funguo zake ili ifanye kazi, kwa hiyo ikidukuliwa, dawa iliyobaki ni kuzibatilisha funguo hizo na kuomba mpya bila kuchelewa.

Pale penye data za watu, sheria imeshasema. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ilianza kutumika Novemba 2019. Kifungu cha 41 kinadai ulinzi ujengwe ndani ya mfumo tangu kusanifiwa, na kifungu cha 43 kinampa mdhibiti wa data saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data pale uvujaji unapoleta hatari ya kweli kwa wahusika. Anayechakata kwa niaba yake, na hapa fundi mwenye seva anaingia, anatakiwa kumjulisha mdhibiti huyo ndani ya saa 48 inapowezekana. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa kampuni, kutegemea kilicho kidogo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna iliitoza Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kosa lile halikuwa la udukuzi, lakini lilithibitisha kwamba picha zilizo katika folda ya uploads za shule ni data inayolindwa. Mwalimu mkuu anayezikusanya na fundi anayezihifadhi wote wana wajibu.

Kipimo cha tatu, na ndicho kinachosahaulika zaidi, ni matunzo. Kwa tovuti isiyo na mtu wa kuitazama, hatari iliyo karibu zaidi ni tundu linalojulikana na halijazibwa. Hapo kuiachia tovuti ijisasishe, kwa utambulisho wake peke yake na bila PHP kutekelezwa kwenye folda ya picha, ni uamuzi wa busara kuliko kuifunga kisha kuiacha. Kwa tovuti yenye fundi anayelipwa kila mwezi, kuuacha msimbo uandikike ni kukubali hatari isiyo na faida yoyote.

Muhtasari

Njia ya 777 haitatui mgongano kati ya fundi na seva. Inafuta mipaka kati yao na kuwaingiza wengine wote. Kumfanya www-data kuwa mmiliki kunarahisisha usasishaji lakini kunampa mdukuzi msimbo wote, na kwenye seva yenye wateja wengi kunawapa hasara wasiohusika. Kikundi chenye setgid na umask ya 002 kinatosha kwa mafundi wachache wanaoaminiana. ACL ni sahihi zaidi lakini inadai kumbukumbu zilizoandikwa. Utambulisho wa kila tovuti ni wa lazima pale wateja zaidi ya mmoja wanapokaa kwenye mashine moja. Msimbo usioandikika ndio ulinzi mkubwa kuliko wote, mradi kuna mtu wa kusasisha.

Kwa hiyo pendekezo la uchambuzi huu ni la ngazi. Fundi mwenye wateja wengi aanze kwa kuwatenganisha, kila tovuti na mtumiaji wake. Kisha aangalie kilichomo: penye M-Pesa, rekodi za wanafunzi au za wanachama, msimbo usiandikike na siri zikae nje ya folda ya umma. Tovuti ya matangazo tu isiyo na mtunzaji iachwe ijisasishe ndani ya mipaka yake. Mwisho, jambo lisilohitaji amri yoyote: mkataba na mteja utaje nani atasasisha, mara ngapi, na kwa malipo gani. Hakuna namba ya chmod inayoweza kufanya kazi ya mtu ambaye hakuna aliyekubali kumlipa. Mteja anayeelezwa hivyo mapema, kwa lugha anayoielewa na kabla ya kulipa, ana nafasi ya kuchagua ulinzi anaoumudu, na fundi ana msingi wa kudai malipo ya kazi ambayo leo wengi huifanya bure au hawaifanyi kabisa.